Chumvi ya Sanduku la Kioo

Hadi leo nikisikia mtu akisema "ile bahari ya mwalimu", damu hunichemka. Mwalimu yupi? Nyumba ile ilikuwa na walimu wawili, mimi na mume wangu, na kama bahari ni ya yule anayeihangaikia, basi ilikuwa ya mwalimu wa darasa la kwanza, yaani mimi. Lakini watu wa kijiji kile kilicho upande wa Nyakanazi walikwisha kuamua, na mume wangu hakuwahi kuwasahihisha.

Mimi ni mzaliwa wa Bukiriro, Ngara, kwenye vilima ambako asubuhi za kiangazi mtu huota moto kabla hajanawa uso. Mume wangu ni mtu wa Tanga. Tulikutana chuoni, tukaoana, tukapangiwa shule moja katika kijiji cha ujamaa wilayani Biharamulo. Wenzake waliopangiwa kazi bara walibeba magodoro na redio. Yeye alibeba bahari. Alimwendea fundi wa madirisha, akamtengenezea sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, pembe zake zimezibwa kwa puti, urefu wake kama beseni la kuogeshea mtoto. Akajaza madebe maji ya bahari, akaokota mawe ya matumbawe yenye vijidudu na majani yaliyoshikamana nayo, akatafuta visamaki wa rangirangi na kaa wadogo, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono waliokufa. Vyote hivyo vikapanda treni hadi Mwanza, vikavuka ziwa, vikapanda basi. Mimi nilipakata ndoo ya samaki njia nzima. Yeye alikuwa na kazi ya kuwaeleza abiria.

Samaki walikufa njiani, mmoja baada ya mwingine, akabaki mmoja wa buluu asiyezidi kidole gumba. Kaa walifika wote. Nao hawakunishangaza: mtu anayesafiri na nyumba yake mgongoni hata akifika ugenini hababaiki sana.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana wageni waliokuja kushangaa hawakuwahi kuiuliza. Waswahili wamesema ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini wanaokuja kutazama huwa wanapongeza aliye karibu na mlango. Hatukuwa na umeme. Viumbe wa baharini wanataka hewa ndani ya maji, kwa hiyo mume wangu aliomba tyubu kuukuu ya trekta la kijiji, akaichomekea mpira mwembamba wa dripu alioupata zahanati, na ncha ya mpira ule akaizamisha chini ya mawe. Unaijaza tyubu upepo kwa pampu ya baiskeli mpaka inavimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula maharage mabichi, halafu unalegeza kibanio cha dripu kidogo tu, na vipovu vinapanda taratibu. Jambo la akili sana, sikatai. Lakini tyubu haijijazi yenyewe. Aliyeijaza asubuhi, mchana na jioni, na mgongo ukamuuma, ni mimi. Yeye alijaza siku ile ya kwanza, watu walipokuwa wanatazama.

Kisha kulikuwa na baridi. Matumbawe yamezoea joto la pwani, na kwetu kiangazi kina umande unaouma. Tuliliweka sanduku sebuleni, kwenye ukuta unaopakana na jiko, na kila jua lilipozama nilijaza chupa maji ya moto, nikazifunga kizibo, nikaziegemeza ndani ya yale maji zipoe humo. Chakula chao kilikuwa dagaa wa ziwani, nawaosha, natwanga, nawapa kidogo kwa ncha ya kijiko, na kilichobaki nakitoa kabla hakijaoza. Kioo nilikifuta kwa kitambaa kisichojua sabuni. Na maji yalipopungua kwa kukauka niliongeza maji ya mvua hadi kwenye mstari wa rangi uliochorwa kiooni, maji matupu, bila chumvi. Hilo mume wangu alilirudia mpaka nikalichoka: maji ndiyo yanayoondoka, chumvi inabaki. Ukiongeza chumvi, umewaua.

Walipokuja wageni, wakaguzi wa elimu, watu wa wilaya, ujumbe wa vijiji vingine, yeye alisimama pembeni ya kioo na kifimbo mkononi. Alieleza mawimbi, alieleza mwezi. Mimi nilileta chai. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mzigo wa mke, naona, hauna hata uzito wa usufi wenyewe. Siku moja mbele ya mwenyekiti wa kijiji alichota kikombe cha yale maji, akakichemsha kwenye sufuria hadi pakabaki ukoko mweupe, akawaonjesha. Mwenyekiti alilamba kidole, akacheka, akasema kumbe mwalimu ana duka la chumvi sebuleni. Wote wakacheka. Ule ukoko mwenyekiti hakuusahau.

Nilianza kuipenda bahari ile mwaka waliowahamisha wazazi wangu. Nasema kuwahamisha, ingawa mkutanoni waliambiwa wanahamia. Nyumba yetu ya Bukiriro ilikuwa kwenye mgongo wa kilima, katikati ya migomba aliyoipanda bibi yangu. Wakaambiwa washuke barabarani, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Mama aliuliza kama anaweza kwanza kwenda kukitazama hicho kiwanja. Aliambiwa atakitazama akishafika. Siku ya kuhama vijana wa mgambo waliezua paa ili mtu asirudi nyuma, na mama akashuka na mtungi wake kichwani, akakikuta kiwanja chenye mawe matupu na mchwa. Mimi sikuwa adui wa ujamaa. Niliufundisha darasani, niliimba nyimbo zake kwa sauti yangu yote. Lakini tangu siku niliyoikuta nyumba yetu haina kichwa, nikisikia maneno "kwa ajili ya wote" hutazama kwanza ni nani anayesimama kubeba.

Katika safari ile ya kwenda kuwaona wazazi nilipita kwenye migomba yetu iliyoachwa. Ilikuwa imeanza kumezwa na magugu. Chini ya majani makavu kulikuwa na makombe ya konokono wa nchi kavu, matupu, ya kila ukubwa. Nikakumbuka kwamba kaa wangu walikuwa wanakua, nyumba zinawabana, na pale Biharamulo hakuna pwani ya kuokotea kombe. Niliokota kadhaa, nikayafunga kwenye kanga, nikayachemsha nilipofika, nikayapanga juu ya mchanga ndani ya sanduku.

Siku nyingi hakuna aliyeyajali. Halafu asubuhi moja kaa mkubwa kuliko wenzake alilisogelea moja. Alilizunguka. Akaingiza mguu mmoja ndani, akapima mlango, akalipindua, akalikwangua ukuta wa ndani kwa makucha yake. Aliondoka, akarudi, akakagua tena. Mwisho akachomoa mwili wake laini kutoka nyumba ya pwani na kufumba na kufumbua akawa ndani ya nyumba ya Bukiriro. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kwa hasira. Kaa, mdudu asiye na damu nyekundu, aliachwa akague. Mama yangu hakuachwa.

Kisha vita vikaja. Tulivisikia redioni, halafu tukaviona barabarani: malori yaliyofunikwa maturubai yanaelekea kaskazini, mfululizo, vumbi halitui. Kila kijiji kilitoa watu. Mume wangu alikuwa amepata mafunzo ya mgambo, akaitwa. Sikumzuia, na wala singemzuia. Nchi ilikuwa imeingiliwa, na hasira yangu juu ya hilo ilikuwa sawa na ya mtu mwingine yeyote. Alipokuwa anafunga kamba za viatu aliniambia, "Nitunzie bahari yangu." Hakusema yetu. Nililisikia neno lile likapita, nikaliacha lipite kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi.

Basi nikaitunza. Ndicho kitu nilichojiahidi: atakaporudi, akirudi, atakuta vipovu vinapanda. Nilipiga pampu kabla ya kwenda shule na niliporudi. Samaki wa buluu alinizoea, akawa anakuja kwenye kioo akiniona. Sikuwa na mtoto bado, na barua za vitani hazikuwa zinafika. Katika nyumba yote ile, kiumbe pekee kilichonisubiri mimi kilikuwa samaki yule.

Vita vilikula kila kitu dukani. Sabuni iliondoka, mafuta ya taa yakaondoka, na mwisho chumvi. Duka la kijiji lilibaki na mizani tu. Wanawake wakarudia njia za mabibi, wakawa wanachuja majivu ya maganda ya ndizi na kupikia maji yake, lakini mboga inayopikwa hivyo inakuwa na ladha ya jiko. Hapo akaja jirani yangu, mama mmoja mtu mzima, Msubi mwenyeji wa hapo, ambaye shamba lake lilipakana na ua wetu. Binti yake alikuwa amejifungua. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akakaa sana. Mwisho akatoa kikombe chini ya kanga.

"Nimekuja kuomba umunyu, mwarimu," akasema. Umunyu ni chumvi. "Ile ya kwenye kioo. Mzazi hali."

Kwetu, chumvi na moto havinyimwi jirani. Nilimchotea kikombe kwa mikono yangu, nikamfundisha kukichuja kwa kitambaa na kukipikia. Alinishukuru kwa kuinama, mtu wa umri wa mama yangu, nami nikamwinua. Nikafidia kwa maji ya mvua. Wakaja wengine wawili watatu wenye shida kama ile, nikawapa. Lakini kila kikombe kilitoka na chumvi yake, na maji ya mvua hayaileti. Nikaonja, nikaona bahari inapooza. Nikawaambia waliofuata ukweli: zaidi ya hapa viumbe watakufa. Walinielewa, ama walisema wamenielewa. Hakuna aliyenitukana. Aliyeomba akakosa bado ni jirani.

Mwenyekiti hakuja kuomba. Alikuja na katibu na mgambo wawili wenye madebe. Nilimpa shikamoo yake, maana adabu nilifundishwa kabla ya hasira; akaitikia marahaba akiwa ameshalitazama sanduku. Alisimama mlangoni akatoa hotuba, kana kwamba sebule yangu ni mkutano mkuu. Kesho yake, alisema, msafara wa askari ungepita, na kijiji kimeamua kuwapikia. Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga wametoa dume la ng'ombe. Maharage yapo, unga upo. Askari wa nchi hii hawawezi kula nyama isiyo na chumvi wakati mtu mmoja amejaza chumvi kwenye kioo anaitazama.

Nilimwambia mle ndani kuna viumbe hai. Akasema wadudu wangu nibaki nao, kijiji kinataka maji tu. Nilimwambia ni mali ya mume wangu aliye vitani, nikidhani hilo litamgusa. Akasema ndiyo sababu, mume wangu angekuwa wa kwanza kutoa. Katibu alitikisa kichwa kukubali. Hapo nikasimama mbele ya sanduku.

"Mwenyekiti, mume nimetoa," nikasema. "Kuku nimetoa, mahindi nimetoa. Leo mngeniomba hayo maji pengine ningewapa nusu. Umeniomba?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya mbali. "Ndugu mwalimu, nchi iko vitani," akasema, akawaashiria vijana.

Waliingia na viatu vyao. Walichota kwa kopo, bila kuchagua, wakimwaga nusu sakafuni. Mmoja alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani, hakuthubutu kuniangalia. Nilipigana kwa njia niliyoweza: nilijaza jagi moja na chungu kimoja kabla hawajafika chini, nikayakumbatia. Jirani yangu yule Msubi alikuwa amekuja kwenye ua kwa kusikia kelele. Alinishika mkono. "Mwenye nguvu mpishe, mwarimu," alininong'oneza. Walipoondoka, mawe ya matumbawe yalikuwa yamelala kwenye matope, na samaki wa buluu alikuwa amelala ubavu, anafungua kinywa. Nilimhamishia kwenye chungu, na kaa pamoja naye. Hakuiona jioni.

Walichemsha bahari uwanjani pa shule, kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Ilitoa chumvi, tena ya kutosha, yenye uchungu kidogo mwishoni lakini chumvi. Siwezi kudanganya kwamba walikosea hesabu. Somo la mume wangu walilishika vizuri. Wakapika lile dume, wakapika maharage, wakafagia barabara, watoto wakapangwa na matawi mikononi. Msafara ukaja. Malori yalikuwa mengi na yalikuwa na haraka. Askari walitupungia mikono, wakaimba, wakapita. Hakuna lori hata moja lililopunguza mwendo. Walikuwa wamekwisha kupewa chakula chao huko walikotoka, na hakuna aliyekituma kijiji kile kiwapikie. Mwenyekiti alikuwa ameamua mwenyewe, bila kuuliza, kama kawaida yake.

Nyama ikaliwa na kijiji. Kamati ilikaa karibu na pipa. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya wa kunyima. Aliniletea sahani yangu mpaka nyumbani, imefunikwa vizuri kwa jani la mgomba. Nilitaka kuimwaga. Lakini nilikuwa na njaa, na sikuwa nimeonja chakula chenye chumvi siku nyingi. Nilikula nikiwa nimesimama. Ilikuwa nyama tamu, imekolea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote.

Kwenye chungu walibaki kaa wachache. Maji yalikuwa kidogo, wakafa wengine, nikawa natoa maiti ndogondogo na kuzizika kwenye kitalu cha mboga. Akabaki mmoja, yule wa nyumba ya Bukiriro. Niliusogeza mpira wa dripu kwenye chungu chake. Nilimpigia pampu peke yake kama nilivyolipigia sanduku zima. Nilichora mstari mpya kwa mkaa ndani ya chungu, nikaufuata kwa maji ya mvua, nikamfunika na blanketi la mtoto ambaye sikuwa naye. Wenzangu shuleni walisema nimechanganyikiwa kwa kumngoja mume. Sikuwa namngoja mume tu. Nilikuwa nakataa kunyang'anywa kitu cha mwisho.

Mume wangu alirudi vita vilipokwisha, amekonda, na buti ambazo hakutaka kuzivua. Nilimpokea kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ya kweli, nisieleweke vibaya. Alikula, akalala, akaamka, ndipo akaliona sanduku. Nilikuwa nimehifadhia humo mbegu za maharage. Nikamweleza yote, tangu kikombe cha mzazi hadi sahani ya nyama. Nilikuwa nimeibeba habari ile kifuani kwa miezi, nikingoja mtu mmoja tu duniani akasirike pamoja nami.

Alicheka kidogo, kwa upole. "Ningekuwepo ningewapa mwenyewe," akasema, "hata kabla hawajaomba."

"Hawakuomba," nikamwambia.

Hakulisikia. Alikuwa ameona mpira wa dripu unavyopita chini ya meza, akaufuata kwa macho mpaka kwenye chungu, akainua blanketi. Kaa alitoa macho yake mawili mlangoni mwa kombe. Mume wangu akang'aa uso mzima kama siku zile za wageni. Akasema hii ni ajabu, huyu amepita vita kama yeye. Akasema kesho kuna mkutano wa kuwapokea waliorudi, mwenyekiti amemwomba azungumze, na atampeleka huyu kaa, watoto waone kwamba bahari yake haikufa. Alikwisha kukishika chungu kwa mikono miwili na kukinyanyua.

Niliweka kiganja changu juu ya mdomo wa chungu, nikakisukuma chini mpaka kikakaa mezani.

"Niombe," nikasema.

Alinitazama, akatazama chungu, akatazama pampu ya baiskeli iliyoegemea kwenye kigoda changu, mpini wake umeng'aa kwa kushikwa. Nikangoja. Nilikuwa tayari kabisa kumpa. Angetamka neno moja tu, naomba, ningekifunga chungu kwa kitambaa na kumbebea mwenyewe hadi uwanjani.

Siku ya pili yake alikwenda mkutanoni mikono mitupu, na mimi nikabaki nyumbani, nikaijaza tyubu upepo.